Nakala Zikipotea, Data Haijafa

Tarehe 10 Oktoba 2009, kampuni ya simu ya T-Mobile iliwatangazia Wamarekani waliotumia simu za Sidekick kwamba namba walizohifadhi, kalenda zao na picha zao zilikuwa karibu hakika zimepotea. Simu hizo zilitegemea seva za Danger, kampuni ambayo Microsoft ilikuwa imeinunua mwaka uliotangulia. Mfumo wa Danger uliharibika, na hitilafu ileile iliigusa kanzidata kuu pamoja na nakala yake rudufu. Kwa vigezo vinavyofundishwa, habari ilikuwa imeishia hapo. Siku tano baadaye Microsoft ikatoa taarifa nyingine: data nyingi, kama si yote, ilikuwa imeokolewa.

Kisa hicho kilipaswa kuitikisa hukumu inayotamkwa kila kanzidata inapoanguka: huna nakala rudufu, huna data. Mafundi wazoefu huwaambia wanagenzi hivyo, wahadhiri huirudia darasani, na aliyepatwa huongezewa kwamba majuto ni mjukuu, amejitakia mwenyewe. Kabla ya ajali, maneno hayo ni onyo zuri na kila msimamizi wa seva ayashike. Baada ya ajali si kweli tena. Ubaya wake mkubwa ni kwamba yakiaminiwa katika saa ile, ndiyo yanayoua data ambayo bado ilikuwa hai.

Ili kuona kwa nini, ni lazima kushuka hadi kwenye diski. Kanzidata ni mafaili, na ndani ya kila faili mna kurasa za ukubwa uliopangwa. PostgreSQL kwa kawaida hutumia kurasa za kilobaiti 8. InnoDB, injini ya kawaida ya MySQL, hutumia za kilobaiti 16. Kila ukurasa wa InnoDB una kichwa chenye namba yake, namba ya ukurasa unaoutangulia na unaoufuata, na tarakimu ya uhakiki inayoonyesha kama umeharibika. Kurasa zinazobeba rekodi za majedwali zina kitu cha ziada: maneno mawili ya Kilatini, infimum na supremum, yameandikwa herufi kwa herufi mahali palepale katika kila ukurasa, kuweka mpaka wa chini na wa juu wa rekodi. Hata diski ikipoteza orodha yote ya mafaili yake, programu inaweza kuipekua baiti kwa baiti, na kila inapoyakuta maneno hayo mahali pake, ikajua imefika kwenye ukurasa wa jedwali. Ndivyo zana huria ya undrop-for-innodb inavyofanya kazi. Inakusanya kurasa, inazipanga kwa namba za faharasa zake, kisha inasoma safu moja baada ya nyingine.

Kufuta nako hakufanyiki jinsi watu wengi wanavyodhani. Mtumiaji wa PostgreSQL anapofuta safu, safu hiyo inabaki ndani ya ukurasa wake. Kinachoongezeka ni namba ya muamala ulioifuta, ili wale waliokuwa wameanza kusoma kabla yake waendelee kuiona. Itaondoka baadaye, mchakato wa kufagia utakapopita. InnoDB huiwekea safu alama ya kufutwa na kuiachia kazi ya nyuma ya pazia imalizie. Anayefuta jedwali zima, mfumo wa mafaili huliondoa faili kwenye orodha na kuyatangaza maeneo yake kuwa huru. Kwenye diski za sumaku, yaliyoandikwa humo yanabaki mpaka faili jingine lije kuyakalia.

Kwa hiyo kanzidata nyingi hupita kipindi ambacho zinahesabiwa kuwa zimekufa ilhali maudhui yake yapo. Kipindi hicho chaweza kuwa dakika chache au wiki kadhaa. Kinachoamua urefu wake ni kiasi gani cha maandishi mapya kinaendelea kuingia kwenye diski ile.

Hapo ndipo hukumu inapofanya madhara yake. Fundi aliyefundishwa kwamba bila nakala hakuna kitu, akishagundua kuwa nakala hazipo, haoni tena sababu ya kuilinda diski. Anaizima huduma na kuiwasha upya aone kama itajirekebisha. Ikishindikana, anasakinisha mfumo upya juu ya diski ileile ili ofisi iendelee na kazi. Kila hatua katika hizo inaandika. Anadhani anasafisha uwanja uliokwisha kuungua, kumbe yeye ndiye anayechoma kilichosalia.

Mfano ulio wazi zaidi uko kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi za dunia. Faili likifutwa wakati programu bado imelifungua, jina lake hutoweka kwenye folda, lakini kiini cha mfumo huyashikilia maudhui mpaka programu ya mwisho iliachie. MySQL inayoendelea kukimbia hubaki imelishika faili lake kuu la ibdata1 hata kama mtu amelifuta kwa amri moja ya bahati mbaya. Linapatikana kupitia folda la /proc, chini ya namba ya mchakato huo, na linaweza kunakiliwa likiwa zima. Utaratibu wake unajulikana: zuia maandishi mapya, subiri kurasa zilizo kwenye kumbukumbu ya muda ziteremke diskini, nakili. Kosa moja tu linatosha kuliharibu: kuiwasha upya huduma. Na kuwasha upya ndilo jambo la kwanza linalomjia kichwani mtu aliyeambiwa hana cha kupoteza tena.

Kuna hali nyepesi kuliko hiyo, nayo huishia vibaya bila sababu yoyote. Kompyuta imekufa, labda umeme uliokuwa ukikatika na kurudi umeunguza ubao wake, lakini diski inasomeka. Folda la kanzidata limo, na hakuna faili la nakala lililowahi kutengenezwa. Wapo wanaoamini kwamba folda hilo halina maana bila faili la nakala lililotolewa kwa amri rasmi. Folda hilo ndilo kanzidata yenyewe. Kwa PostgreSQL kinachotakiwa ni toleo kuu lilelile, kompyuta ya aina ileile, na ruhusa za folda zilizowekwa sawasawa. Injini ikiwashwa itasoma daftari lake la miamala na kujirudisha kwenye hali sahihi. Waandishi wa PostgreSQL walijifunza kwa uchungu jinsi watu wasivyolielewa folda hili. Mpaka toleo la 9.6, daftari hilo liliitwa pg_xlog, na wasimamizi waliobanwa na diski iliyojaa walikuwa wakilifuta wakidhani ni rundo la kumbukumbu zisizo na kazi. Katika toleo la 10, la mwaka 2017, likabadilishwa kuwa pg_wal, ili mtu yeyote asilidhanie tena kuwa takataka.

Watetezi wa hukumu wana jibu ambalo halipaswi kupuuzwa. Wanasema: ukiwaambia watu data huokoleka, wataacha kutengeneza nakala. Ni hofu ya kweli, ila inadhani kwamba nakala hukosekana kwa sababu watu hawakuonywa vya kutosha. Tazama GitLab. Hii ni kampuni inayoishi kwa kuhifadhi kazi za waandishi wa programu. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wake aliyechoka, akidhani yuko kwenye seva ya pili, alianza kufuta folda la PostgreSQL kwenye seva kuu. Alisitisha baada ya sekunde moja au mbili. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilibaki 4.5. Kampuni ilikuwa na njia tano za kunakili na kurudufu data yake, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 huku kanzidata ikiwa ya 9.6, hivyo ilikuwa ikishindwa kimyakimya. Barua pepe za kuonya kuhusu hilo zilikuwa zikikataliwa na seva ya barua. Ghala la nakala kwenye wingu lilikutwa tupu. Kilichowaokoa ni taswira ya diski ambayo mhandisi alikuwa ameichukua saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Hakuna mtu pale ambaye hakuwa amesikia mahubiri ya nakala. Walikuwa na njia tano. Anayesema suluhisho ni kuhubiri zaidi anapaswa kueleza mahubiri ya sita yangemsaidia nini mhandisi yule saa tano za usiku.

Ni kweli kwamba nakala huzuia maafa mengi kuliko uokoaji. Lakini hakuna mji uliowahi kuvunja kikosi chake cha zimamoto ili wananchi wajifunze kuwa waangalifu na jiko. Ujuzi wa kuzuia na ujuzi wa kuokoa hukaa pamoja katika kila fani inayojiheshimu. Katika fani ya kanzidata, wa pili umeachwa kwa kundi dogo la mabingwa wanaotoza fedha nyingi, huku wengine wote wakifundishwa kukata tamaa mapema.

Zaidi ya hapo, nakala yenyewe inaweza kuwa imebeba ugonjwa. Mwezi Januari 2009, Ma.gnolia, huduma ya Marekani iliyowahifadhia watu viungo vya kurasa walizozipenda, ilipoteza kanzidata yake ya takriban nusu terabaiti. Nakala ilikuwepo. Ilikuwa imenakili faili lililokwisha kuharibika, na uharibifu ukahamia humo. Virusi vya utekaji data vya siku hizi huanza kwa kuzitafuta nakala, kwa kuwa waliovitunga wanajua fika mafundi watakimbilia wapi.

Halafu kuna suala la nani anayeadhibiwa. Maneno kwamba amejitakia yana mantiki tu ikiwa mwenye kosa na mwenye hasara ni mtu mmoja, na mara chache sana huwa hivyo. DHIS2, mfumo unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda kukusanya taarifa za vituo vya afya, umejengwa juu ya PostgreSQL. OpenMRS, iliyoanza kutunza majalada ya wagonjwa Eldoret mwaka 2006 na baadaye kuenea katika nchi nyingi, imejengwa juu ya MySQL. Majina ya wagonjwa, dawa walizopewa na tarehe za kurudi kliniki vimelala ndani ya kurasa zilezile za kilobaiti 8 na 16 zilizoelezwa hapo juu. Mama aliyeandikishwa kliniki hakuahidi kutengeneza nakala wala hakusahau kuitengeneza. Fundi akiikunjia mikono seva ya kituo kwa hoja kwamba uongozi ulizembea, hasara haimfiki mzembe. Inamfika huyo mama, ambaye sasa atadaiwa historia ya matibabu ambayo haikumbuki yote.

Kisa cha Maersk kinaonyesha jambo hilo kwa kipimo kikubwa. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliikumba kampuni hiyo ya meli ya Denmark na kuangamiza kompyuta zake duniani kote. Seva nyingi zilikuwa na nakala. Zilizokosa ni zile zilizotunza kanzidata ya watumiaji na ruhusa zao, takriban 150, kwa sababu kila moja ilikuwa nakala ya mwenzake na hakuna aliyewaza kwamba zote zingefutwa kwa mpigo. Bila kanzidata hiyo, hakuna ambaye angeweza kuingia popote. Kwa mujibu wa mwandishi Andy Greenberg, aliyekichunguza kisa hicho kwa kina, mafundi walizisaka ofisi za kampuni ulimwenguni mpaka wakaikuta moja iliyosalimika nchini Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kabla ya kirusi kufika, na seva ilikuwa nje ya mtandao. Intaneti ya pale ilikuwa ya polepole mno kuhamisha mamia ya gigabaiti, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Mmoja wao akasafiri na diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, naye akaipeleka Uingereza. Kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote wakati huo katika usafirishaji wa makontena ilirudi kazini kwa msaada wa diski ambayo hakuna aliyeitenga kuwa nakala rudufu. Ilikuwa data ghafi, na palikuwa na watu waliokataa kuamini kwamba imeisha.

Uokoaji una mipaka, na anayeificha anawadanganya wasomaji wake. Mwishoni mwa mwaka 2008 tovuti ya Journalspace, iliyobeba shajara za maelfu ya watu, ilizimika. Data yake ilikaa kwenye diski mbili zinazoakisiana, bila nakala nyingine. Wataalamu wa uokoaji walizifungua na kukuta zimeandikwa juu, na hapo hapakuwa na la kufanya. Journalspace ilifungwa. Mwezi Septemba 2025 moto kwenye kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon uliteketeza G-Drive, hifadhi ya watumishi wa umma yenye terabaiti 858 na isiyo na nakala nje ya kituo. Hakuna programu inayosoma majivu. Diski za kisasa zisizo na sumaku nazo huambiwa na mfumo mara tu faili linapofutwa, zikaanza kuyasafisha maeneo yake, na kipindi cha neema kikafupika sana. Data iliyofungwa kwa usimbaji imara na ufunguo wake kupotea ni kelele tupu.

Lakini angalia mahali mipaka hiyo inapopita. Haiwatenganishi wenye nakala na wasio nazo. Journalspace na Sidekick wote walikuwa hawana nakala ya kutegemea. Wa kwanza baiti zao zilikuwa zimeandikwa juu, wa pili hazikuwa. Swali la kwanza mbele ya kanzidata iliyoanguka linapaswa kuwa hilo: je, kuna kilichoandika juu yake, na je, kuna kinachoendelea kuandika sasa hivi? Fundi anayeuliza hivyo atachomoa diski, atatengeneza taswira yake baiti kwa baiti, na atafanya majaribio yote juu ya taswira. Fundi anayeuliza ziko wapi nakala, akajibiwa hazipo, anaachwa bila hatua ya pili.

Ujuzi nusu nao ni hatari, na hii ni sababu nyingine ya kuufundisha wazi badala ya kuuacha uokotwe gizani. InnoDB ina mpangilio uitwao innodb_force_recovery wenye ngazi 1 hadi 6 za kulazimisha injini iwake ikiwa na majeraha. Mwongozo wake wenyewe unaonya kwamba kuanzia ngazi ya 4 mafaili yanaweza kuharibika moja kwa moja, ilhali wapo wanaorukia 6 kwa sababu ndiyo kubwa. PostgreSQL ina pg_resetwal, inayolitupa daftari la miamala na kuanza upya. Imekusudiwa kuwa kimbilio la mwisho kabisa, na baada yake data inapaswa kutolewa na kupakiwa kwenye kanzidata mpya. Zana hizo zote mbili ni salama mikononi mwa mtu aliyenakili folda zima kwanza. Bila hatua hiyo moja, zinaua.

Waliozitengeneza injini huria wamefanya sehemu kubwa ya kazi. Tangu MySQL 8.0, maelezo ya jedwali, yaani safu wima zake na aina zake, huhifadhiwa ndani ya faili la jedwali lenyewe, hivyo hata faili lililotengwa na wenzake linaweza kueleza limebeba nini. Katika PostgreSQL mafaili huitwa kwa namba tupu, lakini orodha ya kuzitafsiri ni jedwali pia, pg_class, ambalo kwa kawaida hukaa kwenye faili namba 1259. Anayejua hilo huanza hapo, na namba nyingine zote hupata majina. SQLite, kanzidata iliyomo katika karibu kila simu janja, ilipata amri maalumu ya uokoaji mwaka 2019, na waandishi wake wameahidi kuutunza mpangilio wa faili lake hadi mwaka 2050. Maktaba ya Bunge la Marekani imeuweka mpangilio huo kati ya ile inayopendekezwa kwa kuhifadhi data. Upande wa pili wapo Oracle, ambao hawachapishi mpangilio kamili wa mafaili yao. Chombo chao cha kuchota data moja kwa moja kutoka mafailini, DUL, hakiuzwi. Hutumiwa na wataalamu wa kampuni.

Tofauti hiyo inapaswa kuingia kwenye zabuni. Hospitali, chama cha ushirika cha akiba na mikopo au halmashauri inayonunua mfumo huuliza bei, huuliza mafunzo, na siku hizi huuliza ratiba ya nakala. Iulize pia: siku mfumo na nakala vikianguka pamoja, nani nje ya kampuni yenu anaweza kuyasoma mafaili yetu? Muuzaji asiye na jibu anauza mfumo ambao mnunuzi hamiliki kilichomo ndani yake.

Na vyuo vinavyotoa vyeti vya usimamizi wa kanzidata viongeze mtihani mmoja wa vitendo. Mwanafunzi apewe taswira ya diski yenye folda la PostgreSQL au MySQL, jedwali moja likiwa limefutwa, bila faili lolote la nakala, na atakiwe kurudisha safu nyingi awezavyo na kueleza zipi zimeshindikana na kwa nini. Programu zote zinazohitajika ni za bure, na kompyuta za kawaida za maabara zinatosha kuziendesha.